Mikate Kumi kwa Siku

Wasikilizaji wapendwa, leo nina hasira, nawaambieni mapema. Tunamkumbuka mwoka mikate wa mtaa wa nyuma ya stendi, yule tuliyemwita Mama Tanuri. Amefariki wiki iliyopita. Alioka mikate miaka thelathini na moja. Nasema tena: thelathini na moja.

Mlimjua. Kilemba kimejaa unga, mikono minene, mdomo usio na breki. Mteja akibonyezabonyeza mkate, anaambiwa, "Mwanangu, huo ni mkate, si mchumba. Chukua uende."

Mtaa ule ulikuwa na bekari nne. Kisha kampuni kubwa ikaja na magari yake na mkate wa nusu bei. Nusu bei, wasikilizaji! Unga peke yake ulikuwa ghali kuliko mkate ule. Kampuni ilikula hasara makusudi, kwa sababu ilikuwa na uwezo wa kuila, na wale wanne hawakuwa nao. Sisi tukakimbilia. Hata mimi nilinunua, sitawadanganya. Kabla mwaka haujaisha, bekari tatu zilifungwa. Ikabaki yake.

Mama Tanuri akaenda ofisi ya serikali inayosimamia ushindani wa biashara. Binti yake, fundi cherehani, alimsindikiza. Anasimulia: "Afisa alimwambia, 'Mama, bei imeshuka, watu wanafurahi, kosa liko wapi?' Mama akamjibu, 'Ngoja wabaki peke yao, ndipo utawajua.'"

Malalamiko yalipokelewa, lakini kwa sharti. Mlalamikaji lazima awe bado anafanya biashara hiyohiyo. Akifunga biashara, na jalada linafungwa. Lishikeni hilo.

Basi akawa anaoka mikate kumi kwa siku. Kumi tu, kwenye tanuri la mikate mia mbili. Kwa miaka minne. Si kwa faida, faida ilishakufa. Alioka ili ahesabike kuwa yupo.

Mdogo wake, mchomelea vyuma, alikuwa akipita na kumtania: "Dada, siku hizi unawaokea panya?"

"Panya wana adabu, hawanunui kwa kampuni. Wewe huo mfuko unauficha wa nini?"

Mle mfukoni mlikuwa na mkate wa kampuni. Mdogo wake mwenyewe ananiambia huku anajifuta machozi.

Mwaka wa pili kampuni ikapandisha bei. Ikapandisha tena. Leo mkate wao ni ghali kuliko wa Mama Tanuri ulivyowahi kuwa. Akarudi ofisini. Afisa wa kwanza kahamishwa. Wa pili akamwambia, "Tunachunguza." Wa tatu naye, "Tunachunguza." Mnachunguza nini miaka minne? Bei imebandikwa dukani kwa tarakimu kubwa kama bango la mgombea!

Mwezi uliopita moyo ukamlemea, akalazwa. Binti yake anasema: "Kila asubuhi aliniuliza, 'Umewasha?' Nikamjibu, 'Nimewasha, mama.' Nilimdanganya. Nilikuwa naye wodini tangu alfajiri, ningewashaje?"

Miaka minne hakuna mkaguzi aliyekanyaga pale. Wiki ile ile akaja. Akakuta mlango umefungwa, tanuri limepoa. Hakuuliza jirani. Akaandika kwamba biashara imekoma. Barua ya kufunga jalada ililetwa msibani, watu wakiwa bado wamekaa kwenye viti vya kukodi. Binti akaisoma, akaiweka chini, akasema, "Mimi ndiye niliyemfungia jalada."

Hapana, dada yangu. Nakuambia hadharani, wote wasikie: hapana. Ulikuwa unamuuguza mama yako. Aliyelala kazini miaka minne si wewe.

Kwako, kwa mjomba wako, na kwa familia nzima, poleni sana. Mungu ampumzishe mama yenu. Amechoka.

Na wewe unayenisikiliza, jiulize jambo moja. Barua inasema shauri limefungwa kwa sababu hakuna tena mshindani aliyebaki wa kulalamika. Haya. Mimi si mwoka mikate. Ni mnunuzi. Nanunua mkate ule kila asubuhi, kwa bei wanayotaka wao, kwa sababu mwingine haupo. Kesho saa mbili nitakuwa mlangoni pa ile ofisi. Wakinambia mimi si mhusika, nataka waniambie nikiwa nimesimama na watu.