Jina Walilotaka Nimvue Mwanangu

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe hata na sisi tunaomjia tukiwa na uchungu. Naitwa Perpetua, nimezaliwa Nyakach, karibu na soko la Katito, na ninakaa hapa Kaloleni. Leo tumeanza Majilio, na mimi siwezi kuiona siku hii nikanyamaza.

Wengi wenu mnajua niliolewa na Kamau, mfanyabiashara aliyetoka Murang'a akaja kuuza viazi na maharagwe hapa mjini. Alikuwa mtu wa maombi, na alinipenda. Binti yetu alipozaliwa tulimwita Wanjiru, jina la mama yake Kamau, maana kwao ndiyo desturi. Majirani walimbeba mgongoni kama mtoto wao. Hatukujua kwamba jina linaweza kuwa kosa!

Kisha ukaja mwisho wa mwaka ule wa sitini na tisa, mji ukachafuka. Mnakumbuka jinsi watu wa kabila langu walivyowageukia wa kabila la Kamau, sina haja ya kusimulia zaidi. Watu wa kwao Kamau walifunga maduka wakapanda mabasi. Pale stendi alinishika mkono akasema, "Kaa na mtoto. Krismasi itanikuta hapa." Nikamwamini. Wanjiru alikuwa na miaka minne.

Ndugu zangu, Majilio yakafika. Mke wa pasta alikuwa ametufundisha akina mama kuwasha mishumaa nyumbani, mmoja Jumapili ya kwanza, miwili ya pili, mpaka itimie minne. Nikajaza mchanga kwenye kopo la mafuta ya kupikia, nikaisimamisha humo. Nikamwambia mtoto, "Tunamngoja Yesu." Akauliza, "Anakuja na Baba?" Kila jioni alivuta kiti cha babake akakiweka karibu na mlango.

Kabla ya Jumapili ya tatu akapita rafiki yake Kamau, amekuja mbio kuchukua vitu vyake vilivyobaki stoo. Hakukubali hata kuketi. "Mama Wanjiru," alisema, "usimngoje. Amefungua duka Nakuru. Ameoa."

Ndugu zangu, niliwachukia watu! Nilimchukia Kamau. Niliwachukia watu wangu waliomfanya akimbie. Hata Mungu nilimwambia, "Wewe pia usije." Nikienda bombani kuteka maji, wanawake walikuwa wakinyamaza. Waliokuwa wakinipa nguo zao nifue kwa malipo waliacha kuniita. Tulikunywa uji bila sukari, mimi na mtoto, tukalala.

Jumapili ya nne, alasiri, baba yangu mzazi akabisha hodi, kuku kwapani. Nilifurahi mpaka nikalia! Lakini hakumsalimu mtoto.

"Nimekuja kukuchukua," alisema. "Nyumba iko, chakula kiko. Ila jina hilo haliingii bomani kwangu. Kuanzia leo mtoto ni Akinyi, jina la kwetu."

"Baba, ni jina la nyanyake."

"Ndiyo maana nasema." Akamgeukia mtoto. "Wewe unaitwa nani?"

"Wanjiru."

"Hapana. Akinyi. Sema."

Mtoto akanitazama. Mimi nilimtazama yule kuku. Njaa ni kitu kibaya, ndugu zangu. Nilijiambia, jina ni nini? Mtoto akishiba atalizoea lolote.

Jua lilipozama tukawasha mishumaa yote minne, mzee ameketi anatuangalia. Wanjiru akafumba macho akaanza kuomba kama kila siku: "Mungu mbariki Mama. Mbariki Baba huko aliko. Mbariki Babu. Na mbariki..." Akakomea hapo. Akafumbua macho, akaniuliza polepole, "Mama, niseme nani? Mungu atanijua?"

Haleluya! Maneno yale yalinichoma mpaka mifupani. Nikapiga magoti pale sakafuni, nikamshika mabega. "Sema Wanjiru," nikamwambia. "Mungu anamjua Wanjiru."

Baba akainuka, akavaa kofia yake. "Umechagua."

"Nimechagua, Baba."

Akaondoka. Na kuku wake akaondoka naye.

Nilingoja machozi, hayakuja. Niliimba! Ile chuki iliyokuwa imenikaba siku zote zile ilifunguka, na hofu ya watu ikanitoka isirudi tena. Ni Bwana aliyefanya, kwa maana mimi sikuwa na nguvu yoyote. Krismasi tulikula ugali na visamaki vya omena, na mtoto akacheka.

Sikuja kuwadanganya kwamba mambo yalitengenea. Kamau hajarudi mpaka leo. Baba hakukanyaga tena mlangoni kwangu. Mwezi uliopita tulimzika. Pale kaburini waliwaita wajukuu mmoja mmoja kwa majina, watupe udongo. Wakaita wote, wakamaliza. Wangu hakuitwa. Nikainamisha kichwa kwa aibu.

Wanjiru sasa ni msichana wa shule. Aliuachia mkono wangu, akaenda peke yake mpaka ukingoni, akachota udongo. "Babu, ni Wanjiru," akasema, akautupa. Akarudi akasimama kando yangu. Hakuna aliyemzuia.

Ndugu zangu, kama yuko hapa mtu ambaye ameambiwa akane alichopewa na Mungu ndipo apokewe, asikubali! Baba anaweza kukufungia mlango, na mume pia. Yesu haulizi umetoka kabila gani ndipo akufungulie. Mwamini leo, mbele ya mishumaa hii. Uchungu wangu bado ninao, siwafichi. Lakini hofu sina. Asante Yesu! Asante Yesu!