Machano Hija Sheha na Radhi Aliyoingoja Miaka Ishirini na Mbili

Huyu tunayemzika leo hapa Nungwi, Ijumaa tarehe 15 Agosti 2025, ni Marehemu Machano Hija Sheha. Alizaliwa hapahapa tarehe 12 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa Mzee Hija Sheha na Bi Khairat. Nyuma yake alifuata mmoja tu, Bi Kazija.

Alisoma skuli ya hapa hadi darasa la nane. Asubuhi moja alipita pwani kwanza, akaingia darasani na pweza ndani ya mkoba wa madaftari. Mwalimu alimchapa, kisha akaondoka na pweza kwenda kumla. Marehemu alimlilia pweza yule mpaka uzeeni.

Mwaka 1988 alimuoa Bi Riyama Msabah wa Jang'ombe, akahamia mjini. Walijaaliwa watoto watatu.

Kazi yake ilikuwa uvuvi. Mwaka 2001 alivuka bara pamoja na shemeji yake, Tahir Abdulhakim, mume wa Bi Kazija, wakawa wanavua kambare na perege mtoni, chini ya bwawa la umeme. Marehemu alikuwa fundi wa maji ya bahari, kujaa na kupwa kwake, na mbishi pia, tuseme kweli. Tarehe 9 Novemba 2003 mto ulinywea ghafla, mawe yakatoka nje. Mvuvi mwenyeji akawapigia kelele: "Tokeni! Hapa maji hayafuati mwezi, yanafuata mtu wa lango!" Marehemu akacheka. "Maji yamekupwa tu, shemeji. Ingia, tuna wasaa mpaka alasiri." Tahir akaingia kunasua nyavu. Huko juu malango ya bwawa yakafunguliwa, maji yakamchukua. Ya Rabi, hata robo saa haikupita! Alipatikana siku ya tatu, akazikwa kulekule ukingoni, na Bi Kazija hajaliona kaburi la mumewe hadi leo.

Tangu hapo Marehemu hakugusa tena wavu. Kila Idi alikwenda kwa dada yake. "Kazija, niwie radhi. Mimi ndiye niliyemwambia aingie." Naye humjibu, "Kunywa chai, kaka, inapoa." Miaka yote hiyo! Akirudi Jang'ombe hali kitu siku nzima.

Kisukari kilimkamata mwaka 2017, kikamla figo. Juzi Jumatano alizidiwa, akalazwa mjini. Jana tangu adhuhuri alikuwa na swali moja tu: "Kazija kaja?" Alifariki saa tisa na dakika kumi alasiri. Bi Kazija aliingia wodini saa tisa na nusu, akamkuta keshafunikwa shuka.

Ameacha mjane, Bi Riyama, watoto Yussuf, Tahiya na Ummkulthum, wajukuu sita, na dada yake.

Wanawake hawafiki kaburini, kwa hivyo Bi Kazija ametaka neno lake liandikwe hapa, lisomwe kabla udongo haujatiwa, na msomaji awe mwanawe, Haitham, mtoto wa Tahir. Neno lenyewe ni hili:

"Kaka Machano, nshakuwia radhi. Nilikuwa njiani nnakuja kukwambia. Basi niwie radhi na wewe, kaka, kwa kunyamaza kwangu."

Mola amlaze mahali pa utulivu. Amin.