Hapana ya Mama Spana

Wasikilizaji wapendwa, Mama Spana amezikwa jana saa nane mchana, na kwenye karatasi bado anahesabiwa miongoni mwa watu kumi na wawili waliokubali visima saba viachwe vife. Hakukubali. Nasema tena kwa aliyechelewa kufungua redio: hakukubali. Kwa miaka sita aliomba jambo moja tu, liandikwe hivyo. Amekufa halijaandikwa.

Nitawaeleza alikuwa nani, kisha nitawaeleza ilikuwaje. Mkinisikia sauti inapanda, nivumilieni.

Mama Spana alikuwa fundi wa pampu za maji. Alifanya kazi kwenye makazi ya watu waliokimbia vita, watu elfu tatu, visima saba vya pampu ya mkono. Alikuwa anaweka sikio kwenye bomba, anamwambia mtu apige mpini mara tatu, halafu anasema, "Mpira wa chini umekwisha," kabla hajalegeza nati hata moja. Wakifungua, wanakuta mpira wa chini umekwisha.

Mume wake ni fundi cherehani. Jana msibani aliniambia, "Huyu mwanamke akinikumbatia, nanuka grisi mimi. Wateja walikuwa wananiuliza kama nashona magari." Akacheka, kisha akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Aliyemwajiri alikuwa mtandao wa mashirika ya misaada. Mashirika kumi na moja, nchi kumi na moja, jina moja, nembo moja. Juu yao kuna baraza, na kila shirika lina kiti kimoja na kura moja. Kwa miaka mingi waliokaa pale walikuwa watu ambao hawajawahi kushika mpini wa pampu. Kelele zikawa nyingi, kikaongezwa kiti cha kumi na mbili, cha wafanyakazi wa chini. Mafundi, madereva na watunza ghala wa nchi zote wakapiga kura. Akashinda Mama Spana.

Binti yake, ambaye ni muuguzi, anakumbuka. "Mama alinunua daftari, akaandika kwenye jalada: Mambo ya Kukataa. Nikamuuliza, mbona hakuna la mambo ya kukubali? Akaniambia, 'Ya kukubali wapo kumi na mmoja, watanisaidia.'"

Na kanuni ilimpa nguvu hiyo. Mjumbe mmoja akipinga, jambo halipiti, linasubiri kikao. Mmoja tu, wasikilizaji. Lakini kulikuwa na kanuni nyingine, ya kumi na nne. Jambo la haraka linatumwa kwa barua pepe. Wajumbe wanapewa saa sabini na mbili. Asiyejibu, amekubali.

Ijumaa moja, saa nne asubuhi, ilitumwa barua. Mtandao unataka kuacha kazi ya visima na kuwakabidhi wakazi. Waliita kuwawezesha wakazi. Neno tamu. Wakazi waliwezeshwa kwa visima saba bila spana hata moja, bila vipuri, bila fundi.

Ijumaa hiyo Mama Spana alikuwa kwenye kisima cha saba, nyuma ya kilima, ambako simu haishiki. Fito za chuma za pampu zilikatika zikaanguka shimoni, akashinda siku tatu anazivua. Na aliyemtuma huko, kwa karatasi yenye muhuri, ni ofisi hiyohiyo iliyotuma barua pepe.

Jumatatu saa nne asubuhi muda ukaisha. Jumatatu saa nane mchana alifika ofisini na matope hadi magotini, akaisoma. Alichelewa kwa muda wa saa nne.

Mumewe alikuwepo. Anasema mkewe alimpigia katibu wa baraza hapohapo, akaweka simu kwenye kipaza sauti.

"Mama, hapa inaonekana hukupinga," katibu akasema.

"Sikupinga kwa sababu sikuona."

"Naelewa, Mama. Lakini kutojibu ni kukubali. Taratibu zimefuatwa."

"Mwanangu, ukibisha hodi kwangu nisiitike, utaingia ubebe kitanda?"

Katibu alicheka. Alidhani ni utani. Akamwambia kwamba jambo lililokwisha kupita haliwezi kufunguliwa ila kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Mkutano ulikuwa baada ya miezi minane.

Mume wake hapo hasira humpanda hadi leo. "Mimi nilipopeleka posa," anasema, "alikaa kimya wiki mbili. Ningeijua kanuni yao, ningekwenda na gari siku ya tatu kumchukua! Nilisubiri aseme mwenyewe. Kila mtu mwenye akili anasubiri."

Mimi shule niliiacha mapema, wasikilizaji. Lakini najua kwamba mtu aliye ndani ya shimo la kisima hajasema ndiyo.

Na sikilizeni hili. Kati ya wajumbe kumi na wawili, waliojibu "ndiyo" ni wawili. Mmoja aliuliza mbona kiambatisho hakifunguki. Tisa walikuwa kimya. Muhtasari ukaandika: limepitishwa kwa kauli moja. Kauli ipi?

Tangazo likabandikwa kwenye kila kisima, na majina yote kumi na mawili chini yake. Mikataba ya mafundi ikaisha, wa Mama Spana ukiwemo, kiti cha baraza tu ndicho kikabaki. Pampu ya kisima cha nne ikafa wiki ya tatu. Alikwenda na vifaa vyake mwenyewe, akakata mpira wa ndani wa tairi, akaweka. Ikashika siku kumi na mbili. Halafu kikafa cha pili, cha sita, cha kwanza. Watu wakarudi kuchota bwawani, wanakonyweshea ng'ombe. Mnajua kilichofuata. Kipindupindu hakisubiri mkutano mkuu.

Kwenye kisima cha nne kuna mama mmoja aliyemjua kwa miaka mingi, walikuwa wanataniana kila asubuhi. Baada ya maziko ya nyumbani kwake, Mama Spana alikwenda kumpa pole. Mama yule hakuupokea mkono.

"Jina lako nimelisoma mwenyewe," akamwambia.

"Ni kweli limo. Lakini sikukubali, dada yangu."

"Basi niletee karatasi nyingine inayosema hivyo."

Hiyo ndiyo karatasi aliyoitafuta mpaka kufa.

Mkutano mkuu ulifika. Ukumbi mkubwa wenye baridi, na chupa ya maji mbele ya kila mtu. Jambo lake waliliweka kwenye "Mengineyo", mwisho kabisa, baada ya kuchagua tarehe ya mkutano ujao. Mwenyekiti akamwambia, "Mama, tuna dakika tatu, magari yanasubiri."

"Tatu za nini? Andikeni kwamba mimi nilikataa. Hata sekunde kumi hazifiki."

Katibu akasema haiwezekani, muhtasari ule umekwisha kuthibitishwa. Mama Spana akauliza umethibitishwa na nani. Akajibiwa, na wajumbe wote, kwa barua pepe. Hakuna aliyejibu. Nakala ya Mama Spana ilipelekwa kwenye anwani ya ofisi, ile waliyoifunga wenyewe siku mkataba wake ulipoisha.

Ndiyo, wasikilizaji. Kimya chake walikithibitisha kwa kimya kingine. Na kuhusu visima, walisema suala limepitwa na wakati.

Leo asubuhi mtandao huo umetuma salamu za rambirambi na kuniomba nizisome. Wanasema watamkumbuka kama "mwenzetu aliyeshiriki maamuzi yote kwa moyo mmoja." Nimezisoma. Sasa ninyi mwenyekiti na katibu, mkinisikia, someni zenu: alikataa. Iandikeni. Hata leo hamjachelewa kuwa watu.

Kwa mumewe, kwa binti yake, kwa mafundi wote waliobeba jeneza lake kwa mikono ya kazi: poleni sana. Mungu awape subira, ampumzishe mahali pema.

Na wewe uliye kwenye kamati yoyote, ya shule, ya maji, ya nyumba ya ibada, fungua kanuni zenu kesho. Angalia asiyejibu mnamwandika upande gani. Halafu jiulize ni nani asiyeweza kujibu, na yuko wapi saa hiyo.

Tumezoea hapa kunyamaza dakika moja. Binti yake ameniomba leo tusinyamaze. Basi dakika hiyo nahesabu.

Barua alizoandika kwa miaka sita ni thelathini na moja. Zilizojibiwa ni nne, zote zikisema taratibu zilifuatwa. Kati ya visima saba, kinachotoa maji leo ni kimoja. Waliozikwa kabla ya mkutano mkuu kukaa ni watu kumi na tisa. Kumi na mmoja kati yao hawakufika miaka mitano. Na kati ya hao kumi na mmoja, wawili walitoka nyumba moja, karibu na kisima cha nne, na mama yao hakuja mazikoni jana.