Mabadiliko Yasiyo ya Msingi

"Taarifa kwa Umma Kuhusu Mabadiliko Yasiyo ya Msingi katika Maudhui ya Furushi la Sikukuu kwa Wakazi Waliotimiza au Kupita Umri wa Miaka Sitini na Mitano." Hicho kilikuwa kichwa cha habari tu. Chini yake palikuwa na aya mbili fupi, mhuri, na sahihi isiyosomeka, kama zilivyo sahihi za watu wanaojua vizuri wanachokitia sahihi. Karatasi ilibandikwa kwenye nguzo ya kibaraza, mbele ya mkahawa wa Fina, juu tu ya benchi ambalo wastaafu wa mji ule wa turoni, ile halua ya Krismasi ya lozi na asali, milimani nyuma ya Alikante, hulikalia kila asubuhi na kulalamika mpaka njaa iwaume. Desemba ilikuwa imeingia na baridi yake. Mji mzima ulinuka lozi za kukaanga na asali inayochemka, na pale benchini Batiste Mwiko alikuwa ameushika mche wa chokoleti kwa ncha za vidole, kama mtu aliyemtoa panya kwenye kiatu chake.

– Soma tena, alisema. Hapo kwenye "yasiyo ya msingi."

Ximo Mhuri akavaa miwani. Alikuwa tarishi wa halmashauri mpaka alipostaafu, na kwa kuwa alibeba barua za wanasheria miaka yote hiyo, naye alijihesabu mmoja wao.

– "Badala ya mche mmoja wa turoni ngumu na mche mmoja wa turoni laini, kila mlengwa atapokea mche mmoja wa turoni ya chokoleti yenye bisi za mchele."

– Mlengwa! akacheka Tonico Barafu. Basi wametulenga, na wametupata.

– Usicheke, shemeji. Mimi sicheki.

– Naona. Sikio limekuwa jekundu.

Tonico alikuwa amemwoa dada yake Batiste. Kila kiangazi, kama nusu ya wanaume wa mji ule, alikwenda kuuza aiskrimu mbali, yeye Bilbao, na kila vuli alirudi nyumbani na pesa kidogo na maoni mengi.

– Turoni ya chokoleti, Batiste alisema, hakuna kitu kama hicho. Hiyo ni chokoleti. Ukiikata kwa umbo la turoni, umepata chokoleti iliyokatwa kwa umbo la turoni. Mimi leo nikivaa kanzu ya padri, nyinyi mtakuja kuungama kwangu?

– Mimi siji, alisema Tonico. Utakwenda kumwambia dada yako.

– Nazungumza mambo mazito wewe unaleta utani! Nimeusimamia moto wa kile kiwanda tangu sina ndevu. Nimeigeuza ile asali mpaka mabega yakahama. Halafu kitoto fulani kimekaa ofisini kwenye hita, kinaniletea mimi bisi! Mimi! Bisi!

Akaupiga mche ule kwenye ukingo wa benchi. Turoni ngumu ingetoa mlio wa kigae na kumfurahisha. Hii ilijikunja tu ndani ya karatasi yake, bila sauti, na hilo likamwudhi zaidi.

Sababu yenyewe ya hasira yake hakuitaja, wala wenzake hawakuwa na haja ya kutajiwa. Katika mji ule, mtu aliyefanya kazi ya turoni hanunui turoni. Huletewa, hupewa, huingia kiwandani na kutoka na kitu kwapani. Kwenda dukani kuilipia ni kama nyuki kupanga foleni ya asali. Na kila mkesha wa Krismasi Batiste huingia nyumbani kwa mwanawe Vicent na miche yake miwili, wakwe wa kutoka Madrid wakaacha kuzungumza habari za nyumba zao, naye akaomba kisu na kukata kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka mzima hakuna anayemuuliza neno pale mezani. Usiku ule mmoja wote humuuliza, na humngojea ajibu. Kiwanda chao kilipofungwa, furushi la halmashauri ndilo lililobaki kumsitiri. Sasa mwaka huu angeingia na nini?

– Hili jambo si la hapa, alisema Ximo, akishusha sauti kama anayetoa siri ya serikali. Hili limetoka Brasil... Brusel. Kule kwenye Umoja wa Ulaya wana kitengo kinachopima ugumu wa vyakula. Turoni ngumu imepita kiwango. Imewekwa fungu moja na vigae vya sakafu.

– Na ile laini je? aliuliza Tonico. Nayo kigae?

– Laini inavuja mafuta. Imewekwa fungu la vilainishi.

– Nyinyi hamjui kitu, alisema Tonico. Hii ni kazi ya Wamarekani. Wana lozi mpaka hawajui wazitupe wapi. Kwanza wanatusahaulisha lozi zetu kwa bisi, miaka mitano hivi, mpaka tusahau kabisa ladha. Kisha wanarudi na za kwao, na sisi tunawapigia makofi.

– Huko Bilbao ulikuwa unauza aiskrimu au ulikuwa unaiweka kichwani? aliuliza Ximo.

– Sikiliza, bwana! Nimemsikia mtu mmoja kwenye treni.

– Kila unachokijua umekisikia kwenye treni.

– Lakini mbona hamwoni kilicho wazi? Batiste aliingilia, na hapo ndipo hasira ilipopata mbawa. Ni pensheni! Nani anapewa furushi? Wazee. Wazee wakila lozi na asali wanafika miaka mia. Angalieni mama yangu. Alikufa akiwa amepanda ngazi! Sasa wakilishwa sukari na mafuta ya mawese, wanaondoka mmoja mmoja, kimyakimya, wakitabasamu. Wanatuua kwa utamu ili kitabu cha hazina kisawazike!

Tonico akautazama ule mche kwa jicho jipya.

– Hilo lina mantiki, Ximo alikiri. Kisheria linaitwa kupunguza matumizi ya kawaida.

– Tupe huo mche, alisema Tonico.

– Wa nini?

– Kuuchunguza. Kama ni sumu tujue.

Akafungua karatasi, akavunja kipande, akatafuna taratibu akiangalia mawingu. Akavunja kingine.

– Unakula ushahidi! Ximo alipaza sauti.

– Nalinganisha kipande na kipande.

– Basi nipe na mimi nishuhudie, maana ushahidi wa mtu mmoja hausimami.

Batiste aliwatazama wawili wale wakitafuna, midomo imewageuka rangi, akahisi kwamba mji mzima umemgeuka.

– Inukeni, alisema. Tunakwenda halmashauri sasa hivi. Namtaka huyo aliyetia sahihi anitazame usoni na aniambie "yasiyo ya msingi."

– Leo Jumamosi, alisema Ximo.

– Jumatatu basi.

– Jumatatu ni Siku ya Katiba.

– Jumanne!

– Jumatano ni sikukuu ya Bikira Maria. Jumanne wanaiunganisha, hutamkuta hata paka. Alhamisi wapo, lakini Alhamisi dirisha la malalamiko hufungwa mapema kwa ajili ya kuyashughulikia malalamiko.

– Yaani nchi hii hata hasira lazima uichukulie miadi!

Fina akatoa kichwa mlangoni, akasema atakayepiga kelele tena atakunywa kahawa bila konyaki. Wakapunguza. Nyuma yake akatoka Leire, muuguzi mpya wa zahanati, ameletwa kutoka Pamplona mwezi uliopita, kikombe mkononi. Aliwaamkia wazee kwa heshima, akasogea kwenye nguzo, akaanza kusoma taarifa kama wasomavyo wageni, yaani yote.

– Wazee wangu, poleni. Nimewasikia tangu ndani.

– Afadhali umesikia, binti, alisema Batiste. Wewe ni mtu wa afya. Haya, sema kweli. Wanataka kutuua au hawataki?

– Hilo silijui, mzee. Ila mimi nauliza tu, maana ni mgeni. Hapa kwenye aya ya pili wameandika, "Uamuzi huu umefikiwa baada ya kushauriana na walengwa wenyewe, na hakukutolewa pingamizi." Huo mkutano ulikuwa lini? Na nyinyi mlisemaje?

Ximo akavua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Tonico akaangalia ndani ya glasi yake ya kahawa. Batiste, sikio jekundu vilevile, akaanza kuikunja karatasi ya chokoleti. Leire alingoja kwa adabu, akamaliza kahawa yake, akawatakia asubuhi njema, akaenda zake kazini.

– Kahawa ya leo imepoa haraka, alisema Tonico.



Kilichotokea ni hiki. Mwezi Machi, katika ukumbi wa wastaafu, diwani wa ustawi alisimama mbele ya watu zaidi ya sabini akazungumza kwa kirefu juu ya meno ya bandia, wazabuni na bei ya lozi. Uani wali wa sungura ulikuwa umeshaiva kwenye sufuria pana, na harufu ya zafarani ilikuwa imeingia mpaka safu ya nyuma. Diwani aliuliza kama kuna anayepinga. Hakuna aliyepinga. Batiste alikuwa amekaa jirani na mlango, sahani tayari mkononi, na ndiye aliyesema kwa sauti, "Imepita, imepita, twendeni."

Siku mbili kabla ya Krismasi alishuka Alikante kwa basi la asubuhi, amevuta kofia mpaka kwenye nyusi. Katika soko kuu alikizunguka kila kibanda mpaka akapata muuzaji asiyemjua, kijana wa kike mwenye maneno mengi, akaomba mche mmoja mgumu na mmoja laini. Yule binti alimweleza kwamba mafuta yanayotoka kwenye ile laini si kasoro, kwamba ngumu ikatwe kwa kisu kizito, na kwamba turoni nzuri hutoka kule milimani, kwa watu wanaoijua. Batiste alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akalipa.