Alama ya Masikio

Siku ile mjinga alikuwa Zaidi, muuza mashuka wa Karatu. Kwenye lori la kupanda Ngorongoro, Zaidi akiwa ameketi kando yao, mwanafunzi Naisula alimsimulia mzee Senteu, abiria mwenzake, hadithi aliyoandika: mfugaji anateremsha ng'ombe kwa siri ndani ya kreta, lile shimo kubwa la volkano, wakalambe chumvi, ingawa imekatazwa.

“Mhusika mkuu ni baba, ila jina nimebadilisha. Kesho naisoma shuleni, askari wa hifadhi wamealikwa.”

“Na ile alama iliyokatwa kwenye masikio ya ng'ombe?” Senteu akauliza.

“Nimeiacha vilevile ilivyo, inapamba mandhari.”

Zaidi akaangua kicheko. “Mzee, watu wanachambua dhamira, wewe masikio!”

“Alama hiyo ni ya ukoo wenu, binti. Hata mimi nimeshamjua baba yako.”

Kicheko kikamkauka Zaidi. Naisula akajitetea. “Lakini mwalimu anasema msomaji asimtafute mtu halisi hadithini.”

Lori likasimama getini. Senteu akashuka. “Basi awafundishe hilo askari pia, kabla ya kesho.”