Makochi ya Kuazima

Mmenisalimia, "Bibi, habari za nyumbani?", nimenyamaza. Msidhani nimenuna, wanakikundi wenzangu. Jibu langu lipo njiani.

Mie nalima bondeni hapa Mtoni tangu mama zenu wanabebwa mgongoni. Shule niliishia kujua kuandika jina. Lakini wajukuu wanne nimewalea kwa saladi na figili za mahotelini, na hakuna aliyewahi kuniona naomba chumvi.

Ikaja korona. Hoteli zikafungwa. Saladi ikaozea shambani. Nani ataila na ugali? Hela ya mbegu mpya sina. Na bonde letu mnalijua: tuta likikaa tupu, mwenzio anapanda, hurudishiwi.

Tukatangaziwa msaada wa serikali kwa wakulima wa mboga: mbegu, mbolea na hela kidogo. Wageni watapita nyumbani kuona hali zetu. Ndugu zangu, nawaambia, mie nikasikia neno moja tu: wageni! Nikaazima makochi kwa jirani. Nikachinja jogoo wangu wa mwisho. Wali wa nazi, nyumba nzima inanukia udi.

Akaja binti na makaratasi yake. "Shikamoo bibi. Hali yenu ikoje?"

"Marahaba mwanangu. Alhamdulillah, hatujambo kabisa."

"Chakula mnapata?"

"Mpaka tunasaza! Hebu kula, paja hilo."

Akala, akaandika, akashukuru. Akaenda kwa jirani. Kamkuta shoga yangu kakaa chini, mkeka umechanika, sebule tupu. Makochi yake si yako kwangu?

Chekeni tu. Mie sikucheka siku majina yalipobandikwa. Mjukuu kasoma juu mpaka chini, kasoma tena. Jirani yumo. Mie simo.

Nikaenda ofisini. Njoo Jumatatu. Nikaenda Jumatatu. Aliyehusika hayupo. Safari ya nne kijana mmoja kafungua faili: "Bibi, wewe mwenyewe umesema mnasaza." Nikamwambia, mwanangu, kwenu mgeni akiuliza hali mnamjibu njaa? Kacheka, kasema niandike barua. Barua nikaandikiwa, nikaipeleka. Mpaka leo najibiwa "inashughulikiwa". Imeniudhi, siwafichi. Wametuma mtu kuja kupima shida ya Mswahili kwa kumuuliza habari!

Basi shoga akaja kuchukua makochi yake. "Mbona matuta yako matupu, na jamaa wameanza kupima bonde kwa kamba wajigawie?" Nikataka kusema nalipumzisha shamba. Ulimi ukakataa. Nikasema, "Shoga, sina mbegu. Na tangu jana tumekunywa uji tu." Nilisema nikiangalia ukuta.

Akanitazama. "Ulinyamaza ili iweje, mwanamke wewe? Kuku mimi sikuitwa, sasa njaa ndiyo unaniitia?" Huku anatukana, anafungua khanga. Pakiti zake za mbegu za msaada akazigawa nusu kwa nusu juu ya kochi lilelile. Kesho yake nyie wanakikundi mkaja na majembe, tukapanda kabla kamba haijafika kwangu.

Shoga, umo humu, jina silitaji. Ahsante. Nanyi mlioshika jembe, Mungu awape. Fahari yangu ninayo bado, ila fahari haioti.

Sasa mmeniuliza habari za nyumbani. Goti linauma. Pampu imekufa. Unga unaisha kesho.

Na nyie, mmoja mmoja, habari zenu? Anayetaka kusema "salama", akae.