Bi Nasiha na Watoto Walioogopa kwa Sauti

Bi Nasiha Munir anastaafu Jumatano, tarehe 30 Juni 1999, baada ya kuitumikia hospitali yetu hapa Voi kwa miaka thelathini na moja. Ofisi ilitaka programu hii iseme kwamba anaondoka "kwa masikitiko makubwa". Yeye alipoisoma rasimu aliuliza ni nani huyo anayesikitika, maana yeye amefunga virago tangu Machi.

Alizaliwa hapa hapa Voi, katika nyumba ya wauza vitambaa. Baba yake, marehemu Mzee Munir, alitaka awe mshonaji. Ilipobainika kwamba binti hawezi kukaza hata kifungo, familia ikakubali aende akasomee unesi. Wagonjwa walioshonwa vidonda na yeye miaka ile ya mwanzo watakwambia kwamba mzee alikuwa na haki ya kusitasita.

Baada ya miaka michache hospitali ikampeleka Nairobi kusomea uuguzi wa akili. Wengine wanasema alichaguliwa kwa kipaji. Wengine, tuliokuwepo, tunajua kwamba metroni alitaka kupumzika. Aliporudi, mji mzima ulimwita Nesi wa Vichaa. Sokoni watu walinyamaza akipita, wakihofia asije akawapima. Bi Nasiha hakukasirika hata kidogo. Alitumia jina hilo kupita mbele ya kila foleni ya Voi, kuanzia posta hadi kwa muuza nyama, na hakuna aliyethubutu kumwambia arudi nyuma.

Kwenye mikutano ya wafanyakazi alilala usingizi wa haki, akaamka chai ikiletwa, akapinga hoja ambayo hakuisikia, na mara nyingi alikuwa sahihi. Dereva wetu, Munyao, bado anasimulia siku gari lilipozama kwenye tope njia ya Kasigau. Bi Nasiha aliwateremsha wote wasukume, pamoja na mgonjwa aliyekuwa akirudishwa nyumbani, kisha akakaa kwenye usukani akiwapigia honi ya kuwatia moyo. Hajui kuendesha gari mpaka leo.

Lakini hatukuacha kazi zetu tukakusanyika hapa kwa sababu ya honi. Tumekusanyika kwa sababu ya redio koli.

Kwa mlioajiriwa juzi, redio koli ni lile sanduku la chuma lililoko katika chumba ninachofanyia kazi, linalotuunganisha na dispensari za mbali ambako simu haijafika. Anayetaka kusema anabonyeza kitufe. Akiwa amekibonyeza, hakuna anayeweza kumkatiza. Ni lazima amalize, aseme "ova", akiachie, ndipo mwenzake ajibu. Mnaomfahamu Bi Nasiha mnajua kwamba kabla ya redio hiyo hakuna binadamu aliyewahi kumaliza sentensi mbele yake, akiwemo marehemu mumewe, Hanif, Mungu amrehemu, ambaye alikufa akiwa na mengi ya kusema.

Mwishoni mwa mwaka 1997 mvua za Elnino zilikata barabara ya Kasigau. Wakati huohuo ndovu waliingia katika shamba moja chini ya mlima, wakamaliza mahindi, na mmoja wao akaegemea ukuta wa jiko mpaka ukaanguka. Ndani ya jiko hilo walikuwemo msichana wa miaka tisa, Wakesho, na nyanya yake. Hakuna aliyeumia, na taabu ikaanzia hapo, kwa sababu mtu asiyevunjika mfupa haonekani mgonjwa. Wakesho aliacha kwenda shule. Akiletewa sare asubuhi, anatapika. Akilala, analowesha kitanda. Mchana kutwa alishika leso ya nyanya yake na hakumwachia hata aende msalani. Baba yake alisema ni ukaidi. Mwalimu mkuu alisema aletwe na fimbo. Nabii mmoja wa huko akamnyunyizia maji, mtoto akapata homa juu ya yale mengine.

Phineas, nesi wa dispensari ya kule, alitupigia redio kuomba dawa ya kumtuliza mtoto. Bi Nasiha alikuwa amepita chumbani kwangu kutafuta sukari. Akaninyang'anya kipaza sauti.

"Dawa ya nini, Phineas? Ya ndovu? Mlete huyo mtoto hapo kwenye redio nizungumze naye. Ova."

Phineas alijibu kwamba mtoto haongei. Bi Nasiha akasema vizuri, basi atakuwa mtu wa kwanza Kasigau nzima kutompigia kelele.

Siku ya kwanza Wakesho alibonyeza kitufe na hakusema neno. Tulisikia pumzi zake, na kuku wa Phineas kwa mbali. Bi Nasiha, mwanamke asiyeweza kusubiri chai ipoe, alikaa kimya akisikiliza zile pumzi mpaka kitufe kikaachiwa. Kisha akasema, "Nimekusikia, mwanangu. Kesho tena. Ova." Kesho yake ikawa vilevile, na kesho yake tena. Neno la kwanza tulilipata wiki iliyofuata, nalo lilikuwa "Ova". Bi Nasiha alilishangilia kama bao la ushindi.

Baada ya hapo maneno yakaanza kuja, moja moja, kama maji ya mfereji uliokuwa umekatwa. Siku moja Wakesho alisema, polepole, bila kuhema:

"Nikienda shule ndovu atarudi, na nyanya hawezi kukimbia. Ova."

 Watu wazima wote wa kijiji walikuwa wamemwambia mtoto huyo asiogope. Hakuna aliyekuwa amemwuliza anaogopa nini.

Bi Nasiha hakumdanganya. "Anaweza kurudi, kweli," alisema. "Mimi si mkubwa wa ndovu. Basi tupange: akirudi, nyanya afanye nini? Ova."

Wakaanza kupanga, nesi wa Voi na mtoto wa Kasigau. Nyanya alale wapi, jirani gani aitwe, na Wakesho akiwa shuleni atajuaje kwamba nyanya ni mzima. Hapo ndipo daktari mkuu wetu, Daktari Mulei, alipoingia, akasikia redio ya hospitali inajadili nyumba ya jirani yenye mlango imara zaidi, akapandwa na hasira.

"Hii redio ni ya dharura, Bi Nasiha!"

"Mtoto anatapika kila asubuhi, Daktari. Unataka nisubiri azimie ndiyo awe dharura?"

"Na mama anayejifungua Mraru akipiga, atasubiri mpaka mmalize hadithi?"

 Bi Nasiha alikubali kwamba Daktari ana haki. Tukio hilo halikuwa limeonekana katika hospitali hii, na halijarudiwa. Wakaafikiana kwamba watoto wapewe saa ya baada ya chakula cha mchana, wakati ambapo nusu ya hospitali husinzia, na mtu yeyote akitamka "dharura", nesi na mtoto watoke hewani mara moja.

Haikuchukua muda. Wakesho alikuwa katikati ya maneno yake alipoachia kitufe kupumua, na nesi wa Mbololo akaingia akipiga kelele za dharura: mama anatoka damu. Wakesho akatoka hewani kama alivyoagizwa. Siku iliyofuata, kabla hata ya salamu, aliuliza, "Yule mama alipona? Ova." Daktari Mulei alikuwa chumbani kwa bahati, yaani alikuwa akisikiliza kama ilivyokuwa kawaida yake siku hizo. Akachukua kipaza sauti mwenyewe. "Alipona," alisema. "Na mtoto pia. Asante kwa kutupisha. Ova." Kisha akakaa. Hakuuliza tena redio ni ya nini.

Habari zikaenea. Phineas alianza kuletewa watoto wengine: mvulana aliyeogopa radi, msichana aliyeogopa kumwona baba yake akirudi kutoka kilabuni, pacha wawili walioogopa mwalimu wa hesabu, ambao Bi Nasiha aliwaambia wana akili timamu. Mbololo nao wakaomba zamu. Kwa mwaka ule wa mvua, saa yetu ya kusinzia ikawa saa yenye kelele kuliko zote.

Ila redio haina pazia. Kinachosemwa Kasigau kinasikika Mbololo, Mraru, na katika ranchi zote zenye redio kwenye masafa hayo. Siku Wakesho alipojikaza akamwambia Bi Nasiha habari za kitanda, kuna mlinzi wa ranchi aliyekuwa akisikiliza. Siku ya gulio akalitangaza jambo hilo kama mzaha. Watoto walimwimbia Wakesho wimbo njia nzima mpaka mlangoni kwao.

Phineas ndiye aliyetueleza. Wakesho hatakuja tena, alisema. Ameingia chini ya kitanda, na leso ya nyanya ameishika tena.

Nimefanya kazi na Bi Nasiha miaka mingi na nimemwona akikasirika kwa sababu ndogo na kubwa. Siku hiyo hakufoka. Alikaa kwenye kiti changu, akavua miwani, akasema yeye ndiye aliyemwambia mtoto kwamba pale ni salama. Halafu akamwomba Phineas abebe betri na redio, azipeleke mpaka nyumbani kwa kina Wakesho, afunge waya wa redio kwenye mti na kufungulia sauti yote. Phineas, ambaye ni mtu wa kanuni, alisema mali ya serikali haitoki kwenye jengo. Bi Nasiha akamwambia mali ya serikali itatoka leo, ama ataifuata yeye mwenyewe kwa miguu. Phineas akaipakia kwenye mkokoteni.

Saa ilipofika alibonyeza kitufe. Nitayaandika alivyoyasema, kwa idhini yake.

"Hapa ni Voi. Mimi ni Nasiha binti Munir, nesi, mjane, mama wa watoto watatu wazima. Nimekojoa kitandani mpaka nafika darasa la sita. Mama yangu alianika godoro nyuma ya nyumba, na mtaa mzima waliliona. Mpaka leo naogopa kulala peke yangu taa ikiwa imezimwa. Anayetaka kucheka, aanze na mimi, niko hapa. Ova."

Redio ikatoa mkwaruzo tu. Niliangalia ukuta kwa sababu sikujua niangalie wapi. Kisha sauti ikaingia, nzito, ya nesi wa Mbololo, mama anayeogopwa na hata waganga.

"Mbololo hapa. Mimi mpaka darasa la saba. Ova."

"Hapa Mraru. Mimi naogopa panya. Nina ndevu, lakini naogopa panya. Ova."

Daktari Mulei aliyekuwa amesimama mlangoni alinyoosha mkono, nikampa kipaza sauti. Akasema yeye hutapika kabla ya kila upasuaji, na wauguzi wa chumba cha upasuaji wakaanza kutazamana, kwa kuwa walikuwa wakidhani ni chakula cha kantini. Halafu ikaingia sauti ya mwanaume kutoka ranchi, ndogo, kama ya mtu aliyesimama mbele ya wazazi wake.

"Mimi ndiye niliyesema yale maneno gulioni. Mimi ni mlinzi wa usiku, na naogopa giza. Nisamehe, mtoto. Ova."

Tukasubiri. Tulisikia kitufe kikibonyezwa Kasigau, tukasikia pumzi tulizozijua. Kisha Wakesho akasema:

"Huyo wa giza, anunue tochi. Ova."

Chumba kizima kilicheka mpaka Daktari Mulei akashikilia mlango. Bi Nasiha alicheka pia, huku akijifuta macho kwa buibui lake. Akikanusha leo, msimwamini.

Wakesho alirudi shuleni baada ya likizo. Mpango ulikuwa kwamba nyanya apige debe saa ya mapumziko, ili mjukuu asikie kwamba ni mzima. Siku ya kwanza nyanya alilipiga kwa bidii kubwa, na kijiji kizima, kinachojua kwamba debe maana yake ndovu, kikatoka na mapanga na mbwa. Ilibidi Phineas azunguke nyumba kwa nyumba kueleza. Kwa muda mrefu debe hilo lilipigwa kila siku, kisha mara mojamoja, kisha likarudi kuchotea maji. Wakesho bado huogopa mvua ikipiga mabati. Ila huenda shule akiwa anaogopa, na mwaka huu ndiye anayewasubiri wadogo wa darasa la kwanza njiani ili wasitembee peke yao.

Ndovu pia walirudi, mara mbili. Nyanya alikuwa amelala kwa jirani.

Saa ya watoto haifungwi. Kuanzia Alhamisi itashikwa na Loise, ambaye amekaa pembeni ya Bi Nasiha mwaka mzima na ana sifa ambayo mwenzake aliipata uzeeni: ananyamaza. Juzi alimwuliza Bi Nasiha afanye nini ikiwa yeye mwenyewe ataogopa kuanza. Bi Nasiha akamjibu, "Waambie hivyo hivyo. Watakusaidia."

Bi Nasiha, ahsante. Ahsante kwa watoto wa Kasigau, Mbololo na Mraru, kwa hoja zote ulizozipinga ukiwa nusu usingizini, na kwa kutufundisha sisi watu wazima adabu ya kusikiliza, ambayo wewe mwenyewe uliipata kwa shida. Umesema sasa utalima bustani, na majirani wako tumekwisha kuwaonya. Mungu akupe afya, wajukuu wenye kelele, na nyumba yenye taa inayowaka usiku kucha. Pumzika. Na ukishindwa kupumzika, tafadhali shindwa ukiwa nyumbani kwako.

Kwa niaba ya wafanyakazi wenzako,
Mwanzia, chumba cha redio